Shamba la Karoti la Anko

Mama aliondoka kwenda Uarabuni kufanya kazi nikiwa na miaka saba, akaniacha kwa kaka yake. Nasema "akaniacha" kwa sababu ndivyo watu wa mtaa walivyosema, lakini mimi sikuwahi kuhisi nimeachwa. Mjomba wangu, ambaye nilimwita Anko, alikuwa fundi wa mawe, bado hajaoa, mtu mrefu mwenye vidole vilivyopasukapasuka kwa saruji. Yeye aliniita "mami", kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu hubeba na heshima yake. Akinikasirikia aliniita kwa jina langu kamili, halafu akaona haya papo hapo, kama mtu aliyemkaripia mzazi wake.

Tuliishi upande wa magharibi wa Nakuru, ukielekea Njoro, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Vyumba viwili vya mawe, sakafu nyekundu aliyoisugua mpaka ikang'aa, na dirisha moja ambalo siku ya jua uliweza kuonea ziwa kwa mbali. Ilimchukua miaka minne, akijenga Jumapili baada ya kanisa na jioni baada ya kazi za watu. Mawe mengi yalikuwa mabaki ya mijengo ya mtaa wa Milimani, na alijua kila jiwe lilikotoka. "Hili ni la daktari," angesema akipapasa ukuta. "Hili ni la yule mathe wa mbwa watatu." Mimi nililala chumba cha ndani, kwenye kitanda cha mama. Yeye alitandika godoro chumba cha mbele na kulikunja kila asubuhi kabla sijaamka.

Alijifunza kunisuka nywele kutoka kwa jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi. Mara ya kwanza nilienda shule na mabutu mawili, moja juu ya lingine. Kufikia muhula wa pili alikuwa amenyoosha mistari kama anayejenga kwa uzi, na alikuwa akirudi nyuma hatua mbili kuikagua.

Nilikuwa darasa la tatu mvua ya Aprili ilipokuja na kukataa kuondoka. Ilianza kila siku baada ya chakula cha mchana, ikitokea upande wa milima ya Mau, na barabara yetu ikawa mto. Jioni moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Anko amesimama karibu na dirisha, kidole kimoja kikiwa ndani ya ukuta. Nilidhani anachomoa kitu. Niliposogea nikaona ufa, unaanzia pembe ya dirisha na kushuka mpaka sakafuni, mwembamba kama uzi juu na mpana kidogo chini.

"Nyumba imefanya nini?" nikamuuliza.

"Imenyoosha mgongo," akasema. "Hata wewe ukikaa sana si unanyoosha mgongo?"

Akachanganya saruji kidogo kwenye sahani ya zamani, akachukua kipande chembamba cha kioo, akakibandika kikavuka ufa, upande mmoja huku na mwingine kule. Nilimuuliza ni cha nini. Akasema ni cha kuziba baridi. Nikaona ajabu, maana kipande chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole changu, lakini yeye ndiye fundi. Siku hizi najua mafundi hufanya hivyo kupima kama ukuta bado unatembea. Kioo kikipasuka, ukuta umesonga.

Kilipasuka baada ya siku mbili. Nilikuta vipande sakafuni na Anko akibandika kingine.

"Nilikuwa nafukuza nzi na kitambaa," akasema bila kunitazama. "Nikakigonga."

Wiki hiyo nzi walimsumbua mara tatu.

Akaanza pia tabia ya kuamka mapema na kuzunguka ua akigongagonga ardhi na mtaimbo. Nilisikia kutoka kitandani: tu, tu, tu, halafu mahali fulani sauti ikabadilika, ikawa dum, kama mtu anapiga pipa tupu. Hapo aligonga mara ya pili, kwa upole. Aliniambia anatafuta bomba la maji lililovuja. Mimi nikaamini, kwa sababu hata shuleni bomba lilikuwa linavuja.

Udongo wa huku kwetu ni majivu, majivu ya zamani ya volkeno. Ukikauka unapeperuka na kuingia mpaka kwenye chai. Lakini maji yakipata njia chini yake yanaubeba polepole, na juu unaweza kuona nyasi na kuku na nguo zimeanikwa, kumbe chini hakuna kitu. Kila fundi wa Nakuru anajua hivyo. Anko alikuwa amechimba misingi kote mjini, na mara nyingi aliwaambia watu wahamishe nyumba hatua kumi kushoto kabla hawajaweka jiwe la kwanza. Sasa ilikuwa nyumba yake.

Siku moja alirudi na mbegu za karoti. Nasema mbegu za karoti kwa sababu ndivyo alivyoniambia, sikuona pakiti. Alilima sehemu ya ua kutoka nyuma ya jikoni mpaka karibu na ua wa jirani, kitalu kirefu kilichopinda kidogo kama nyoka, akasimamisha vijiti kandokando na kuvifunga kwa uzi wake wa kujengea. Alikilima kwa namna ya ajabu, akiwa amesimama nje na kunyoosha jembe, hakukanyaga ndani hata mara moja.

"Mami, sikia," akasema, akachuchumaa mbele yangu. "Hapa hakuna mtu anapita. Si wewe, si kuku, si mimi. Karoti ni kitu cha aibu sana. Ikikanyagwa tu, haioti tena."

"Na kumwagilia?"

"Mvua itamwagilia. Wewe angalia tu kutoka kwa mlango."

Kwa hivyo nikaangalia kutoka mlangoni, asubuhi na jioni. Nilipenda karoti. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba tuna shamba, na mama, ambaye uso wake ulikuwa unakwama kila mtandao ukipungua, akacheka na kusema nimwekee moja kubwa. Anko alikuwa nyuma yangu akiosha sufuria. Aliendelea kusugua.

Kisha choo cha jirani kikazama. Ilikuwa Jumatano mchana, tukiwa shule, na kwa bahati hakuna mtu aliyekuwa ndani. Niliporudi nikakuta umati na shimo, na mabati ya choo yakionekana kwa chini kama kifuniko kilichodondokea ndani ya sufuria. Chifu alikuja amevaa gambuti akawaambia watu wajiandae kuhama. Mama wa mandazi alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye shuka, akilia na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Nikamsikia akimwambia Anko, "Na wewe unangoja nini na huyu mtoto?"

"Naongea na mtu fulani kuhusu nyumba," Anko akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Usiongee mbele yake, tafadhali."

Nikamvuta shati. "Anko, choo kimeenda wapi?"

Akanitazama, akatazama shimo, akasema, "Kimeshuka kidogo. Choo hicho hakikujengwa na fundi, mami. Kilijengwa na binamu ya mtu."

Nikacheka sana. Nilijivuna hata, maana chetu kilijengwa na fundi. Jioni hiyo alihamisha godoro langu chumba cha mbele, karibu na mlango, akasema anataka kupiga rangi chumba cha ndani. Aliniambia nilale na sweta na soksi kwa sababu ya baridi, na begi langu la shule liwe limepangwa, kando ya viatu, kwa sababu mwanafunzi mzuri hupanga mapema. Mlango wenyewe hakuufunga kwa komeo, aliusukuma tu. Nililala vizuri. Nikikumbuka sasa, sidhani yeye alilala usiku wowote katika siku hizo.

Jumamosi hiyo alinipeleka kanisani kwa mazoezi ya kwaya ya watoto, akaenda mjengo wake na kusema atanichukua saa saba. Zamani angeniacha kwa mama wa mandazi, lakini mama wa mandazi alikuwa ameshahama. Mwalimu wa kwaya alikuwa na homa, sauti yake imepotea kabisa, akatuachilia saa nne na nusu. Watoto wengine walienda kwao. Na mimi nikaenda kwetu, si mbali.

Nilikuwa na wazo. Wiki mbili karibu zilikuwa zimepita na karoti hazijaota, ila magugu yalikuwa yameota vizuri sana, na nilijua kutoka kwa somo la kilimo kwamba magugu hula chakula cha mmea. Nikaona nimfanyie Anko kitu kizuri. Nikavua viatu, ili nisizikanyage karoti kwa nguvu, nikainama chini ya uzi na kuingia. Udongo ulikuwa laini na wa baridi, ukipanda katikati ya vidole. Nikaanza kung'oa kutoka upande wa jikoni nikielekea katikati, nikijiimbia alto ya wimbo wa Jumapili.

Anko alirudi mapema, kwa sababu mawe hayakuletwa mjengo na akaona apitie nyumbani achukue koti kabla ya kuja kunichukua. Sikumsikia akiingia. Nilisikia tu sauti yake, ya kawaida kabisa, kama anayeniuliza kama nimekula.

"Sasa, mami."

Niligeuka. Alikuwa amesimama pembeni mwa jikoni, mkono mmoja kwenye ukuta.

"Nilitaka iwe sapraizi," nikasema. "Usikasirike. Nimevua viatu."

"Sijakasirika. Umefanya kazi safi." Akatazama udongo kati yetu. "Lakini usisimame. Kaa hivyo hivyo ulivyochuchumaa."

"Kwa nini?"

"Kuna fuko hapo chini. Nilimwona asubuhi. Amelala, na ukisimama ataamka akimbie na karoti zetu."

Nilifahamu fuko. Tulikuwa tumeambiwa shuleni kwamba wanakula viazi vya watu kule juu Mau. Nikatazama udongo katikati ya miguu yangu, nikashusha sauti. "Ni mkubwa?"

"Mkubwa sana. Tutamshika. Lakini lazima unisaidie, na lazima twende polepole. Unaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alirudi nyuma, bila haraka, akachukua ubao mrefu wa jukwaa la ujenzi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaulaza chini na kuusukuma kuelekea kwangu inchi kwa inchi, mpaka ncha ikanifikia. Halafu yeye mwenyewe akalala kifudifudi mwanzoni mwa ubao, na suruali yake ya kazi na shati, kwenye matope, kidevu chini. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilala hivyo. Nikaanza kucheka.

"Shh," akasema. "Fuko anasikia. Sasa na wewe ulale kama mimi. Tumbo kwa ubao. Polepole, kama mtoto anajifunza kutambaa."

"Sketi yangu itachafuka."

"Mimi ndiye nafua. Ichafue."

Nikalala. Wakati huo nikahisi ardhi ikishuka kidogo chini yangu, si kuanguka, kushuka tu, kama kitanda mtu mwingine akikalia upande. Nikasema, "Anko, ameamka!"

"Anageuka tu," akasema. Sauti yake haikubadilika. "Hata wewe si unageuka ukilala? Njoo. Angalia mkono wangu tu. Usiangalie chini, macho ya mtu yanamwamsha."

Nikatambaa. Ubao haukuwa mrefu, labda urefu wa watu wazima wawili, lakini alinifanya nitulie mara nyingi, akiniambia "ngoja", akisikiliza, kisha "njoo". Alinisifu kila hatua. Alisema wasichana wengine wangeshamwamsha fuko kitambo. Alisema tukimaliza tutaenda safari. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa juu ya ubao, umefunguka, na nilipoufikia ulikuwa umelowa kabisa.

"Mbona una maji?"

"Nilinawa," akasema, akafunga vidole kwenye kifundo cha mkono wangu. Alinivuta mara moja, kwa nguvu, nikapita juu ya uzi na vijiti, nikaangukia kifuani kwake. Hakusimama pale. Alininyanyua kama nilivyo, miguu mitupu na matope, akatembea kando ya ukuta wa mbele, akatoka getini, akavuka barabara, akaendelea mpaka kwenye kibanda cha mandazi kilichokuwa kimeachwa wazi. Hapo ndipo aliponiweka chini. Yeye akakaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

"Na fuko?" nikauliza.

"Tumwache," akasema. "Leo tumwache."

Akaniambia nisitoke kwenye benchi hilo hata simba akija. Akarudi nyumbani peke yake kwa njia ya mbele na kutoka baada ya muda mfupi sana, amebeba begi langu, viatu vyangu vya shule, picha ya mama iliyokuwa juu ya kabati, na mkoba wake wa zana. Akafunga geti kwa kufuli, jambo ambalo nimelifikiria sana tangu hapo. Kisha akaniosha miguu na maji ya mvua kwenye ndoo ya jirani, taratibu, kidole kwa kidole, akanivalisha soksi.

Tulienda Mau Narok kwa shosho, mdogo wake marehemu nyanya yangu, ambaye alikuwa na shamba la viazi huko juu. Tulipata lori lililokuwa limeshusha viazi sokoni na sasa linarudi tupu, tukakaa mbele na dereva. Anko aliongea njia nzima. Aliongea na dereva kuhusu mpira, akanionyesha ngano, akanionyesha ng'ombe wenye manyoya marefu kwa sababu ya baridi. Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno. Dereva akaniambia, "Baba yako ana raha leo," na mimi nikasema si baba, ni Anko, na kweli ana raha.

Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani, mama wa mandazi alipiga simu. Nilikuwa kwenye ngazi ya jikoni ya shosho nikimenya viazi, na Anko alisimama karibu nami akasikiliza. Alisema, "Sawa," halafu, "Yote?" halafu, "Sawa, mathe. Asante. Mungu ni mwema." Akaweka simu mfukoni, akachukua shoka, akaanza kupasua kuni. Alipasua kuni mpaka shosho akatoka na kumwambia, "Inatosha sasa. Hata mimi nikifa leo, hizo zitabaki." Jioni mama alipopiga kwa video, Anko alimwambia tumekuja kumtembelea shosho kidogo, maana mvua imeharibu barabara. Nami nikamweleza mama habari ya fuko kwa kirefu, jinsi tulivyotambaa, jinsi Anko alivyolala kwenye matope. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Shosho alikuwa akikoroga mboga. Aliacha kukoroga.

Tulikaa huko mwezi mzima. Nilipata shule ya muda, na siku za Jumamosi tulisaidia kuvuna. Ilikuwa Jumamosi ya pili au ya tatu. Nilikuwa nimetangulia kwenye mistari ya viazi, nikiruka kutoka tuta moja hadi jingine, na Anko alikuwa nyuma na gunia. Nikakanyaga mahali penye udongo mwepesi na mguu wangu ukazama mpaka juu ya kifundo. Lilikuwa shimo la fuko, fuko wa kweli, na Mau Narok imejaa mashimo hayo.

Sikupata hata nafasi ya kusema kitu. Nilisikia mlio. Sijui niuite nini, haukuwa neno, na sikujua kwamba umetoka kwa mtu mzima mpaka alipokuwa juu yangu, amenishika kiunoni na kunitupa kando, na sote wawili tukaanguka juu ya viazi. Alinifunika na mwili wake wote. Alikuwa anatetemeka mzima, mpaka meno. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu, na alikuwa akisema, "Nimekushika, nimekushika, nimekushika," tena na tena, kwa sauti ambayo hakuwa amewahi kuitumia.

Shosho alikuja mbio kutoka upande wa zizi, akaona shimo, akaona mguu wangu wenye udongo. Alisimama pale na fimbo yake, akageuza uso kando.

Na mimi, nikiwa nimelala hapo chini yake, shavu kwenye udongo, nikaelewa. Sikuelewa kwa mpangilio, nilikuwa mtoto wa miaka tisa karibu. Lakini nilijua kwamba mtu haogopi fuko hivyo. Nilijua kwamba siku ile nyuma ya jikoni hakukuwa na fuko yeyote, na kwamba kilichogeuka chini ya tumbo langu hakikuwa mnyama. Nilihisi baridi mpaka kwenye nywele. Halafu nikahisi jambo jingine, ambalo lilikuwa na nguvu zaidi ya hofu: kwamba Anko asijue kwamba najua. Alikuwa amefanya kazi ngumu sana.

"Anko," nikasema. "Ni fuko tu."

Polepole akaacha kutetemeka. Akakaa, akatazama shimo, akatazama mikono yake.

"Ndiyo," akasema. "Ni fuko tu. Alinishtua."

"Wewe unaogopa fuko?"

"Sana," akasema, akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Usimwambie mtu."

Nikamwambia sitasema. Nikamshika mkono mpaka mwisho wa mstari, na siku zote zilizobaki huko niliepuka mashimo, nikipita katikati ya matuta ambapo ardhi ni ngumu, ili asiruke tena.

Mvua ilipoisha alishuka Nakuru peke yake mara kadhaa. Kitalu cha karoti kilikuwa kimeenda chote, pamoja na choo na jikoni, na ukuta wa nyuma wa chumba cha ndani ulikuwa umeegemea hewani. Alitoa milango, madirisha na mabati, na mawe aliyoweza kuyafikia kwa usalama. Mengine aliyaacha. Tulipanga chumba upande wa pili wa mji, mahali ambapo ardhi ni mwamba, na siku ya kuhamia aligonga sakafu ya kila pembe na mtaimbo huku mwenye nyumba akimshangaa.

Mama alirudi baada ya mkataba wake kuisha. Kwa sababu nyumba haikuwepo, ilibidi aambiwe, na aliambiwa vyote, si na Anko bali na mama wa mandazi aliyekuja kumsalimia. Sijawahi kumwona mama akikasirika hivyo.

"Mtoto wangu anatambaa juu ya shimo na mimi naambiwa ni fuko! Mimi nacheka! Nilicheka!"

"Ungefanya nini ukiwa huko?" Anko akamuuliza. "Ungelala vipi?"

"Nisingelala. Ni haki yangu kutolala."

Hawakuongea kwa siku tatu. Siku ya nne mama alimpikia mukimo, akamwekea sahani yake kwanza, akakaa kando yake akimtazama akila.

Sasa nina miaka ishirini. Anko alioa, ana watoto wawili, na amejenga tena, huku juu ya mwamba. Mwaka jana mchana mmoja tulikuwa tumekaa nje kwake, watoto wakicheza na maji ya mfereji, akaniambia bila kuulizwa, "Mami, kuna jambo silisahau. Niliijua ile ardhi siku kumi na tisa. Kutoka ule ufa wa kwanza mpaka ile Jumamosi. Ningekutoa siku ya pili. Lakini kila asubuhi niliamka nikaona nyumba bado imesimama, nikasema kesho. Ilikuwa nyumba yangu. Ndiyo hiyo najuta, si kingine."

Sikutaka kumwambia si kitu, kwa sababu haikuwa kweli, na yeye angejua. Nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nimekaa nacho miaka yote hiyo.

"Mimi nilijua hakukuwa na fuko. Tangu Mau Narok. Tangu ile siku ya viazi."

Akanigeukia. Alikuwa na nywele nyeupe sasa, mbele tu. "Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaogopa, Anko."

Anko alinitazama usoni. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichopanda mpaka akalazimika kushika meza, na watoto wake wakaacha mfereji wakaja kuuliza ni nini. Hakuweza kuwajibu. Mdogo akapanda magotini kwake, amelowa, na Anko akamfunika na koti lake, akaendelea kucheka juu ya kichwa chake, na mimi nikaenda kufunga maji.